Kisanduku cha Zao

Eustadia ni mwanamke wa shari, na anayebisha hajawahi kununua dawa dukani kwake. Ukifika Songambele, huku Kyerwa, ukamuuliza mtu duka la Mama Kemi, ndivyo anavyoitwa, liko wapi, atakuelekeza kwa kidevu, kisha atakukagua kutoka juu hadi chini aone kama unakwenda kununua au unakwenda kugombana. Wengi huenda kwa yote mawili. Duka lenyewe ni la pembejeo: mbegu, mbolea, pampu za kupulizia za kubeba mgongoni, na ukutani, nyuma ya wavu wa chuma, chupa za viuatilifu za kila rangi. Wavu huo haukuwekwa kwa ajili ya wezi. Uliwekwa baada ya mteja mmoja kurusha chupa ya dawa ya magugu ikampita Eustadia sikioni na kupasukia kwenye mizani.

Kipigo alikijua kabla ya kujua kusoma. Kwao ni Kiruruma, upande wa Karagwe, kwa baba aliyeongoza sala za jumuiya kwa sauti tamu, akifika nyumbani anawachapa watoto kwa fimbo ya mti wa kahawa. Akaolewa huku Kyerwa na mwanamume mwenye mkono mwepesi kuliko wa baba yake. Alivumilia kama walivyomwambia avumilie, mpaka siku alipomkuta binti yake Kemigisha amejikunyata uvunguni mwa kitanda ameziba masikio. Siku hiyo Eustadia alichukua mchi wa kinu akamvunja mumewe mfupa wa bega. Hakukimbia. Alikaa kizingitini, mchi mapajani, akamwambia, "Nenda kawaite ndugu zako." Ndugu hawakuja, na mume naye, baada ya kufungwa bega, alihamia Rugu akaona maisha ya huko yanamfaa zaidi.

Biashara ya dawa aliianza kama wengine wote wanavyoianza, yaani kwa kupapasa. Msambazaji analeta, yeye anapanga, mkulima anasema "nipe ile ya kofia nyekundu", anapewa, anaondoka. Ndivyo alivyomuuzia mkulima mmoja, Anastazi, dawa ya viwavi wa maharage, chupa safi, picha ya jani bichi, jina tamu mdomoni. Shamba zima liliungua likawa rangi ya ugoro. Anastazi hakupoteza muda wake kwenda kulalamika ofisini. Alikuja na panga, na Eustadia akakinga kwa mkono wa kushoto, na mpaka leo vidole viwili vya mkono huo havikunjiki. Mganga aliyemshona pale zahanati alimuuliza, akivuta uzi, "Hiyo dawa yenyewe ilikuwa imesajiliwa?" Eustadia husema swali hilo lilimuuma kuliko sindano, na mimi namwamini.

Kovu likiwa bado bichi akaenda semina ya wauza pembejeo kule Kayanga. Mkufunzi alikuwa msichana mdogo, Immaculata, mwenye sauti ya chini na subira ambayo Eustadia hajawahi kuwa nayo maishani. Aliwaambia serikali ina rejista ya kila kiuatilifu kilichoruhusiwa nchini, imo mtandaoni, inafunguka kwa simu ya kawaida ya kugusa. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakangoja chai. Eustadia peke yake alibaki baada ya chai akamshika msichana wa watu mkono, kwa nguvu zile zile anazoshikia wadeni na wazushi, akamwambia hatoki pale mpaka aelewe.

Akaelewa, tena barabara. Alielewa kwamba jina kubwa la chupani ni jina la utani tu, kila kampuni inabandika lake, na anayetafuta kwa jina la utani anapotea haraka. Cha kushika ni kiambato, ile sumu yenyewe iliyomo ndani, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo pembeni kana kwamba inaona aibu. Hilo ndilo jina la ukoo, chupa kumi za majina kumi zinaweza kuwa ndugu wa damu. Alielewa kwamba usiandike jina lote na namba zake zote, andika herufi chache za mwanzo uache mashine ilete yenyewe. Ukiwa na namba ya usajili, anza nayo, maana haina pacha. Ukishapata, usishangilie, tazama kwanza kama usajili haujaisha muda na kama kampuni ni ile ile ya kwenye chupa. Na vile visanduku vya kuchuja pale juu ya ukurasa, cha aina ya dawa, cha zao, cha kampuni, uviache vitupu kwanza, uvijaze baadaye unapotaka kupunguza. Hili la mwisho Immaculata alilirudia mara nyingi. Eustadia alilirudia naye, kwa sauti, njia nzima ya kurudi Kyerwa.

Tangu hapo hakuna chupa iliyoingia dukani kwake bila kutafutwa. Wakulima wakaanza kumletea hata zile walizonunua kwingine, wanasimama kwenye ngazi na chupa zao wakingoja hukumu. Akisema ipo, wanakwenda kupulizia. Akisema haipo, ole wake aliyewauzia. Kuna mchuuzi mmoja alikuja siku ya gulio na dawa ya kupe kwenye chupa za maji ya kunywa. Eustadia akatafuta huku na huku, akasema haipo. Wanaume wakamfukuza yule mchuuzi kwa mawe mpaka kwenye mto, wakamvunja meno na pikipiki yake wakaitia moto. Eustadia alitazama moshi akiwa amekunja mikono kifuani. Aliona raha, tena sana. Hakuona kwamba neno lake sasa limeota mikono.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na kila mtu alikuwa shambani. Agnetha, mke wa jirani, alikuja kuulizia dawa ya fukusi wanaotoboa migomba. Eustadia akafungua rejista, akagusa kisanduku cha zao, akachagua migomba ili orodha iwe fupi, zikaja dawa chache, akamuuzia moja. Agnetha akaondoka na salamu zake. Simu ikabaki juu ya kaunta, ukurasa ukiwa wazi vile vile.

Kelele zilianzia barabara ya chini. Kwanza alidhani ni msiba, halafu akasikia aina ya kelele ile, akajua ni watu wanaopiga mtu. Mwanamke aliyelelewa kama yeye hawezi kukosea sauti hiyo. Umati ukapinda kona, wanaume wengi, wanawake nyuma, na katikati yao kitu kinachoburutwa kwa kamba ya magome ya mgomba. Walipofika ngazini kwake, kitu kile kikawa mtu, na mtu mwenyewe ni Adelard.

Adelard alimjua. Alikuwa kibarua wa shamba kwenye kibanja cha Gaudiosus, mwenyeji wa pale ambaye siku hizi anaishi Bukoba. Wazazi wa Adelard walitoka Burundi, yeye alizaliwa hapa hapa, amebatizwa hapa hapa, anaongea Kinyambo kuliko baadhi ya wenye nchi, lakini siku ya ugomvi huitwa Mrundi. Shati lake lilikuwa limechanika likabaki kola. Sikio moja lilikuwa linaning'inia. Alikuwa akipumua kwa mdomo kwa sababu pua haikuwapo tena mahali pake.

"Mama Kemi," akasema Rwegoshora, akitweta. Huyu ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, mzee wa heshima zake, na siku hiyo macho yalikuwa yamemtoka. "Mtu huyu ameniulia ng'ombe. Watatu wamelala njiani, wamevimba, povu mdomoni. Ameonekana asubuhi akiwaswaga. Akawapulizia sumu hii."

Akaweka kwenye kaunta chupa nusu, imelowa tope, karatasi yake imechubuka. Jina kubwa lilisomeka: Tabokop. Herufi ndogo za pembeni zilikuwa zimekwenda na maji.

"Mmeitoa wapi?" Eustadia akauliza.

"Kwenye migomba," akajibu Cleophace, mdogo wake Rwegoshora, kijana wa miraba minne mwenye rungu ambalo kichwa chake tayari kilikuwa chekundu. "Aliificha kwenye migomba nyuma ya kibanda chake."

Adelard alisema kitu. Mtu akampiga teke la mdomo, na alichosema kikakatika.

Sasa, mtu aliyekaa mbali na Kyerwa atauliza: kuna haja gani ya kumuuliza huyu mama, si waite polisi? Polisi wako mbali, na mama alikuwa hapo. Tena walimheshimu. Hata katika hasira ile walinyamaza kidogo alipoishika simu, na Eustadia alisikia ule ukimya ukimwingia kichwani kama pombe ya rubisi ya kwanza. Akaandika herufi chache za mwanzo, kama alivyofundishwa. Akabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, mtandao wa pale unajulikana, halafu ukaleta sentensi moja: hakuna matokeo.

Kanuni yake ilikuwa atafute tena kwa kiambato. Kiambato hakikusomeka. Angeangalia namba ya usajili, nayo ilikuwa imechubuka. Angeangalia vile visanduku vya juu. Hakuviangalia. Watu walikuwa wanamtazama mdomo, Cleophace anabadilisha rungu mkono huu na mkono ule, na yeye hajazoea kusema sijui.

"Haipo," akasema.

Neno lile liliruka kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nyuma kabisa. Haipo. Mama Kemi kasema haipo. Ni sumu ya magendo. Ni sumu ya Warundi. Kisha wakamrudia Adelard, na safari hii hawakumpiga kama watu wanaotaka kumfanya aseme. Cleophace alimpiga rungu la taya, taya likalia, mtu akaanguka upande. Mwingine akamkanyaga mkono, mwingine akaja na jiwe la kutegea lango akalitupa, likampata kwenye mbavu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alipenya akampiga kwa kandambili, kandambili, mtu anayekufa. Mtu akatuma wenzake kwenye pikipiki wakanyonye petroli.

Hapo akatokea Kayitesi, mkewe Adelard, amekimbia kutoka shambani na jembe bado mkononi. Hakupiga kelele hata moja. Alimpiga mwanamume wa kwanza jembe la mgongo, akampiga wa pili la goti, akafika hadi kwa mumewe akamlalia. Wakamnyanyua kwa nywele wakamtupa kwenye mtaro. Akatambaa akarudi. Wakamtupa tena, na Rwegoshora, mzee wa heshima, akamkanyaga shingo ili atulie.

"Mwulizeni ni ya nini," Kayitesi akasema kutoka chini ya kiatu kile. "Ni ya kahawa. Bosi aliituma kutoka Bukoba, ya kupulizia kahawa. Mama Kemi, ni ya kahawa."

Kahawa. Eustadia aliinamisha macho kwenye simu. Pale juu ya ukurasa, kwenye kisanduku cha zao, neno lilikuwa limekaa kimya tangu Agnetha alipoondoka: migomba.

Sisi watu wa huku kahawa yetu inaishi chini ya migomba. Ndiyo maana ya kibanja: migomba juu, mibuni chini, maharage katikati, mgomba unaumwagia mbuni kivuli, huwezi kuvunja jani la kimoja usiguse kingine. Chupa ya dawa ya kahawa haiwezi kuokotwa mahali pengine isipokuwa migombani. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Lakini rejista haikai kwenye kibanja, rejista imegawa kila zao chumba chake, na Eustadia alikuwa amegonga mlango wa ndizi akimtafuta mpangaji wa kahawa, akaambiwa hayupo, akaamini.

Akafuta neno lile. Akabonyeza. Tabokop ikatokea hata kabla hajaondoa kidole: dawa ya ukungu, kiambato chake shaba, zao kahawa, kwa ajili ya kutu ya majani, usajili hai, kampuni ile ile. Si kitu cha kunywa, lakini si kitu cha kuwaangusha ng'ombe watatu njiani kwa kupulizia majani. Alijua pale pale amefanya nini, hakuhitaji kuelezwa na mtu.

"Ipo!" akapaza sauti. "Acheni, ipo, ni ya kahawa!"

Nani amsikie. Waliotaka kusikia walishasikia walichotaka. Akasukuma watu akiinua simu juu, mtu akampiga kiwiko cha titi, simu ikaanguka ikakanyagwa. Petroli ilikuwa inakuja kwenye chupa ya soda, aliyeibeba anakimbia kwa uangalifu isimwagike. Adelard alikuwa hatikisiki tena. Jicho lake moja lilikuwa limetoka.

Eustadia akarudi dukani mbio. Nyuma ya mlango alikuwa na pampu anayoiweka imejaa maji, ya kuwaonyesha wateja jinsi bomba linavyotoa. Akaivaa mgongoni, akavuta mkono wa pampu mara kadhaa mpaka ikakaza, akavaa barakoa na miwani ya kupulizia, akatoka na bomba mbele.

"Haya," akasema, na sauti yake kupitia ile barakoa haikuwa ya mtu. "Mmesikia haipo. Hii ndiyo ile ambayo haipo. Ikimgusa mtu jicho, halioni tena. Ikimgusa ngozi, atavimba kama ng'ombe wa Rwegoshora. Nani aanze?"

Akaanza na aliyebeba petroli. Ukungu wa maji ulimpiga usoni, akatupa chupa, akaanguka magoti akijifuta kwa mikono miwili na kumwita mama yake. Waliomzunguka wakarudi nyuma kwa kukanyagana. Akawageukia wa upande wa kushoto, wakakimbia na kandambili zao wakaziacha. Umati ule uliokuwa hauogopi damu uliogopa maji ya bomba, kwa sababu yeye ndiye aliyesema, na yeye akisema ndiyo imekwisha. Rwegoshora aliondoa kiatu chake shingoni mwa Kayitesi akajikuta ameingia mtaroni mwenyewe.

Cleophace peke yake hakukimbia. Alimjia na rungu limeinuliwa, na Eustadia akampulizia machoni, karibu, mpaka maji yakamtiririka kifuani. Akaachia rungu akashika uso. "Nimekuwa kipofu," akalia, mtu mzima na misuli yake, "waitu, jamani, nimekuwa kipofu, macho yanawaka." Macho yalikuwa mazima kabisa. Eustadia akageuza lile bomba la chuma akampiga nalo kichwani, mara ya kwanza kwa ajili ya kumwangusha na mara ya pili kwa ajili ya hasira tu, na kama Kayitesi asingemwita asingeacha.

Walimpakia Adelard kwenye pikipiki katikati ya dereva na mkewe, amefungwa kwa kanga asianguke. Damu iliacha mstari njia yote ya kwenda kituo cha afya, na huko wakawahamishia hospitali kwa gari.

Daktari wa mifugo alifika akawapasua wale ng'ombe pale pale njiani, watu wakiwa wamesimama mbali kwa aibu. Matumboni mwao mlijaa mtama mchanga. Kulikuwa na shamba la mtama lililovunwa, lenye yale machipukizi yanayoota baada ya mvua za kwanza, mabichi, matamu kwa ng'ombe, na yana sumu ya kuua kabla mnyama hajafika mbali. Kila mfugaji anajua kwamba machipukizi ya mtama ni ya kuogopwa. Ng'ombe wa Rwegoshora walivunja ua wakaingia wenyewe. Ndipo mtu mmoja akakumbuka Adelard alichokuwa anasema walipomkamata, kabla ya lile teke la mdomo: kwamba aliwakuta kwenye mtama, akawatoa.

Polisi walikuja. Rwegoshora alitoa maelezo marefu ambamo hakumgusa mtu. Cleophace, kichwa kimefungwa bendeji, alisema neno moja tu akalirudia kwa kila swali: walimuuliza mtaalamu, mtaalamu akasema haipo. Askari akamgeukia Eustadia, akamuuliza kama ni kweli. Eustadia akasema ni kweli. Akataja na majina ya kila aliyemwona akipiga, mmoja baada ya mwingine, hata la yule mwenye kandambili. Wengine walilala ndani, wengine walikimbilia kwa ndugu zao, na dukani kwake vioo vilivunjwa vyote.

Lakini wapo waliompongeza, na hao ndio waliomtesa. Walisema bila Mama Kemi yule kijana angechomwa. Walisimulia habari ya pampu ya maji wakicheka mpaka wanashika mbavu, wakimwigiza Cleophace anavyolia. Padri alimtaja kanisani kama mfano wa ujasiri. Eustadia alisikiliza akiwa ameangalia sakafu, na Misa ilipokwisha alitoka kwa mlango wa pembeni. Hakuna aliyesema habari ya kile kisanduku, kwa sababu hakuna aliyeijua ila yeye. Askari aliandika alichosema. Alivyokosea, hakuulizwa.

Adelard hakufa. Taya lilifungwa waya, jicho lilizibwa, mbavu ziliunga. Kichwa ndicho kilichokataa.

Kahawa ilipokaribia kuiva, Kayitesi alikuja dukani. Hakuamkia. Alikuwa amekonda, kovu limempita shingoni pale kiatu kilipokanyaga, na mgongoni amebeba pampu ya mumewe. Gaudiosus alikuwa amempa kazi ile, kibanja hakiwezi kumngoja mgonjwa, na kutu ilikuwa imeshika majani. Wateja waliokuwepo wakasogea kando kumpisha.

"Nataka ile dawa," akasema. "Lakini kwanza itafute. Nataka kuona."

Eustadia akatoa simu yake mpya. Angeweza kumtafutia upesi, amwonyeshe, yaishe. Badala yake akatoka nje ya kaunta akasimama karibu naye, akamwachia aandike mwenyewe. Kayitesi aliandika polepole kwa kidole chenye sugu, herufi chache za mwanzo, akabonyeza. Tabokop ikaja na kila kitu chake. Akasoma yote, kahawa, kutu, shaba, midomo ikitembea.

"Sasa nionyeshe ulichokiona siku ile."

Hapo palikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Mtandao ulikuwa mbovu. Karatasi ilikuwa imelowa. Watu walikuwa wanapiga kelele. Yote yalikuwa kweli pia. Eustadia alinyoosha kidole chake kisichokunjika, akagusa kisanduku cha zao, akachagua migomba. Ukurasa ukawa mtupu. Hakuna matokeo.

Kayitesi alikigusa kile kisanduku kwa ncha ya kidole.

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu. Nilikisahau. Nilipaswa kukifuta kwanza, nilifundishwa, na sikukifuta."

Kayitesi akamzaba kofi. La pili lilikuwa la ngumi, likapasua mdomo. Eustadia akapepesuka akaegemea wavu, chupa zikalia, Kayitesi akamfuata akampiga tena, na tena, bila haraka, kama mtu anayepura maharage. Wanaume wawili waliokuwa wanapima mbolea wakaruka kumshika. Eustadia akainua mkono.

"Mwacheni," akasema, damu ikimtoka. "Asiguswe na mtu."

Aliendelea mpaka mkono wake ukachoka. Kisha akaketi kwenye gunia, akajifuta uso kwa upande wa kitenge, akangoja kama mteja mwingine. Eustadia akaenda nyuma ya wavu akaleta dawa, akaleta na glavu na barakoa, akamweleza kipimo kwa mdomo uliovimba: maji kiasi gani, usipulize upepo ukivuma, usile kabla ya kunawa. Kayitesi alisikiliza kila neno, akarudia mwenyewe ili asikosee.

"Anaendeleaje?" Eustadia akauliza mwishoni. Alikuwa ameogopa kuuliza kwa muda wote huo.

Kayitesi aliweka chupa kwenye mfuko, akaiweka sawa pampu mgongoni, akakaza mkanda.

"Anakula. Anatembea," akasema. "Kila asubuhi akiniona ananiamkia shikamoo, kama anayemwamkia mama mgeni njiani. Nami naitikia marahaba, nimfanyie nini."